Hela Mbaya ya Tabora

Kijana aliteremka na treni ya kutoka Kigoma, na kabla hata ya kunywa chai akawa amefika kwenye meza yangu. Alikuwa amefunga kitu kwenye pindo la leso, fundo limekaza mpaka akalifungua kwa meno. "Shikamoo mzee. Nimeelekezwa kwako, wanasema wewe ndiye unayezijua rupia." Nikaitikia, nikakinga kiganja. Akaniwekea tembo wa dhahabu: mkonga juu, milima nyuma yake, chini mwaka 1916 na herufi T. Alikuwa ameinunua Ujiji kwa pesa za kuuza pikipiki yake.

Moyo ulinipasuka, na haikuwa furaha. Ilikuwa nzuri mno.

Mimi ni sonara hapa Tabora, kazi niliyorithi kwa baba yangu mdogo. Kwa miaka mingi sasa watu wananiletea sarafu za kale kwa wingi kuliko wanavyoniletea pete za kukaza mawe. Wanatoka Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, hata Kasulu. Karibu wote huuliza mambo mawili kwa pumzi moja: hii ni ya kweli, na inauzwa bei gani? Nimeamua kuyaandika niliyojifunza, maana wanaoumia ni watu wetu, na sarafu inayowaumiza ilizaliwa hapahapa mjini kwetu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza ziliziba pwani, na sarafu kutoka Ujerumani zikakoma kuingia. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na askari na wapagazi wa kulipa, huku watu wakiwa wamezifukia rupia zao za fedha. Ndipo mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kuwa mahali pa kugonga pesa. Zilitoka sarafu za aina tatu: heller 5 na heller 20 kwa matumizi ya kila siku, na rupia 15 za dhahabu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke kule Iramba. Shaba ilikuwa ya kuokoteza, yakiwemo maganda ya mizinga. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, na kazi ya sarafu ikawa imefika mwisho. Ni miezi michache tu.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani sarafu ya kweli ya Mjerumani lazima iwe safi, ya duara kamili, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Kwa sarafu za Berlin na Hamburg, sawa. Zile za kuanzia 1904 utazitambua kwa herufi ndogo, A ya Berlin au J ya Hamburg, na kazi yake ni ya kiwanda hasa. Lakini T ni ya karakana iliyozoea kutengeneza injini na mabehewa, mafundi wake wakitumia walichonacho, vita vikiwakaribia. Chukua heller 20 ya Tabora uitazame. Upande mmoja ina taji, mwaka na herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Mjerumani, upande wa pili namba 20 na neno HELLER juu ya matawi mawili. Mara nyingi taji limepogoka upande. Unene wa huku si unene wa kule. Uso una vijishimo, herufi nyingine zimezama kama zilizoandikwa na kalamu inayoishiwa wino. Uzito nao haulingani, moja na mwenziwe wanaweza kupishana gramu nzima. Nyingine ni shaba nyekundu, nyingine shaba ya njano. Kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Kuna zenye herufi L ya ncha iliyochongoka na zenye L ya ncha iliyojikunja, maana mihuri ilikuwa ikichongwa upya.

Sarafu hii ni mbaya, na ubaya huo ndio kitambulisho chake. Ukiletewa heller 20 ya Tabora iliyonyooka kila mahali, uso laini kama kioo, basi shuku kwanza.

Nisimame kidogo kwenye jina lenyewe. Hela tunayoitamka kila siku, "sina hela", "nipe hela yangu", ndiyo hiyo Heller. Kabla yake Kampuni ya Wajerumani ilitoa sarafu ya shaba iliyoitwa pesa, kuanzia 1890 hadi 1892, yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia ikawa na heller 100. Waliotutawala wameondoka na rupia imekwisha, lakini majina mawili ya vipande vyake vya chenji tunayo midomoni mpaka leo. Kila nikilikumbuka hilo nazipenda zaidi sarafu hizi.

Turudi kwa kijana na tembo wake.

Rupia 15 ya dhahabu iligongwa kwa uangalifu kuliko zile hela za shaba, lakini bado ni kazi ya karakana. Jumla yake zilikuwa 16,198. Upande wa tai, lile pambo la majani la kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya herufi A inayofuata, kutegemea muhuri uliotumika. Kila moja ina gramu 7.168, na dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1000, yaani karati 18 kwa hesabu yetu masonara. Hizo ndizo namba nilizokuwa nazo kichwani nilipoiweka ile ya kijana kwenye mizani.

Mizani ikasoma 4.31.

Nikamwambia avute kigoda. Sikutaka aamini maneno yangu, nilitaka aone mwenyewe. Nikajaza maji kwenye glasi, nikaiweka juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri. Kisha nikaifunga sarafu kwa uzi mwembamba na kuining'iniza ndani ya maji, isiguse chini wala pembeni. Mizani ikasoma 0.51. Hiyo ni gramu ya maji yaliyosukumwa na mwili wa sarafu. Ukigawanya 4.31 kwa 0.51 unapata 8.45, na hapo unakuwa umeyauliza madini yenyewe jina lake. Shaba ya njano hujibu karibu na nane na nusu. Fedha ya rupia hujibu karibu 10.3. Dhahabu ya karati 18 hujibu karibu 15. Rangi inaweza kupakwa, uzito ndani ya maji haupakwi.

Nikampa lenzi, nikamwonyesha ukingo. Palikuwa na mstari mwembamba ukizunguka sarafu nzima, kama mshono wa suruali. Sarafu ya kweli hugongwa: kipande cha madini huwekwa katikati ya mihuri miwili, kikabanwa kwa nguvu mpaka madini yakaingia kwenye kila mchoro. Ya bandia nyingi husubiwa: shaba iliyoyeyuka humiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili, na vipande hivyo vinapokutana ndipo mshono hubaki. Wengine huupiga tupa. Ukiona mikwaruzo ya tupa ukingoni, jiulize ilikuwa inaficha nini. Na usoni, mahali ambapo ngozi ya tembo ilitakiwa kuwa na mikunjo mikali, palikuwa na uvimbe laini na vitundu kama vya andazi, vilivyoachwa na hewa ndani ya kalibu. Vitundu vya uzee huliwa na kutu, havina umbo. Vitundu vya hewa ni viduara.

Kijana alitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Mzee, hata kidogo?" Alimaanisha kama dhahabu iliyopakwa juu inaweza kumrudishia hata nauli. Nikamwambia ukweli. Nikamnunulia chai na chapati mbili, akala kimya, akaondoka na treni ya kurudi. Sijapenda kumkumbuka, lakini yeye ndiye sababu ya makala hii.

Jambo moja nililomkataza aliponisihi: alitaka niijaribu kwa jiwe na tindikali, kama tunavyojaribu mikufu. Jiwe hukwangua ukingo na tindikali huacha doa. Kwa mkufu si kitu, kwa sarafu ni jeraha la kudumu. Sonara yeyote anayekimbilia jiwe kabla ya mizani na maji hajui sarafu, hata kama anajua dhahabu.

Sasa niseme kuhusu "rupia inayovuta mchele", maana maradhi haya yameenea vijijini. Mtu anakuja na sarafu nyeusi, nzito, yenye picha za miungu ya Kihindi upande mmoja na maneno East India Company upande wa pili, mwaka 1818. Anaambiwa ina nguvu, inavuta punje za mchele, inasogeza sindano, na kuna tajiri anayeitafuta kwa mamia ya mamilioni. Anachotakiwa yeye ni kutoa kidogo tu cha "kuipima", kisha kidogo cha "kibali", kisha kidogo tena. Kampuni ile ilianza kutoa sarafu zake za aina moja kwa India nzima mwaka 1835, na zilikuwa na kichwa cha mfalme wa Uingereza. Hizo za miungu za mwaka 1818 hazikuwahi kuwa pesa ya mtu yeyote, ni vipande vya mahekaluni vilivyotengenezwa baadaye. Ikivuta sindano, ina sumaku ndani. Dhahabu, fedha na shaba hazishikwi na sumaku kabisa, na rupia ya kweli ya fedha itaiacha sindano yako ilale ilipo. Sumaku ndogo ya spika mbovu ya redio inatosha kumaliza mjadala huu. Ila usije ukaitumia kwenye sarafu zetu za sasa ukashtuka, nyingi zinanata kwa kuwa ndani ni chuma.

Na mwaka ulioandikwa juu ya sarafu usikutishe. Ile reale kubwa ya fedha yenye mwanamke mnene, iliyozunguka na misafara tangu pwani, imeandikwa 1780. Zote zimeandikwa 1780! Huo ndio mwaka aliokufa malkia Maria Theresa wa Austria, na wafanyabiashara wa Uarabuni na Afrika waliizoea sura hiyo mpaka wakaikataa nyingine yoyote. Basi ikaendelea kugongwa na mwaka uleule, Vienna, London, Bombay, Roma, hadi karne ya 20. Yako inaweza kuwa na umri wa babu yako tu. Ni ya kweli, ina gramu 28 na fedha sehemu 833 katika 1000, lakini bei yake kwa kawaida ni ya fedha iliyomo, haina bei ya mwaka 1780.

Hivyo uhalisi na thamani ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Watu wananiletea senti 10 yenye tundu ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1936, yenye jina la Mfalme Edward VIII. Wamesikia alitawala chini ya mwaka mmoja akaachia kiti, na hiyo ni kweli. Wanahitimisha kwamba sarafu yake ni adimu. Zilitoka kwa mamilioni. Ni za kweli, zina historia tamu, na hazitakununulia kilo ya sukari. Shilingi za simba nazo: zile za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, yaani chini ya gramu mbili katika shilingi nzima. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Rupia moja ya Mjerumani ina gramu 11.66, na kati yake zaidi ya gramu kumi na nusu ni fedha tupu. Zote ni nyeupe mezani.

Kinachopandisha bei juu ya thamani ya madini ni uchache uliobaki na hali ya sura. Tembo wa dhahabu wa kweli huuzwa maelfu ya dola minadani Ulaya. Heller 20 ya Tabora, ambayo ilitoka kwa zaidi ya milioni moja, ni ya makumi ya dola ikiwa nzuri, na chini ya hapo ikiwa imechakaa. Ila kwa uzoefu wangu, hiyo ya shaba ndiyo unayoweza kuikuta kwenye kopo la bibi yako. Tembo sijawahi kuletewa wa kweli hata mmoja, katika miaka yote hii, na mimi nimekaa mwendo wa miguu kutoka stesheni ya Tabora.

Kuna jambo lazima niliseme ingawa linaniuma. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, nikijifunza kazi, baba mdogo alikuwa akinunua rupia za fedha kwa watu wa vijijini na kuziyeyusha. Bangili nyingi za harusi za mji huu zilitoka kwenye rupia, masonara wa zamani wanajua. Kazi yangu ilikuwa kuzitia kwenye chungu na kupuliza moto. Sikuwa nasoma mwaka, sikuwa natazama sura. Siku moja kati yake ilikuwepo moja kubwa kuliko wenzake, iliyojaa kiganja changu, yenye yule mfalme wa Kijerumani mwenye tai juu ya kofia. Naikumbuka kwa sababu ilichelewa kulainika. Ilisimama kidogo katikati ya wenzake waliokwisha kuwa uji, tai akiwa bado anaonekana, kisha ikazama.

Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba rupia mbili ziligongwa mwaka 1893 na 1894 tu, chache sana, na kwamba wakusanyaji duniani wanazitafuta kwa taa. Baba mdogo hakukosea, yeye alikuwa sonara na fedha ilikuwa fedha. Lakini tangu siku niliyojua, sijawahi kuyeyusha sarafu yoyote ya kale bila kuisoma pande zote mbili na ukingo.

Uharibifu wa siku hizi hauhitaji hata chungu. Unahitaji ndimu. Mwaka jana bibi mmoja wa Ng'ambo hapa mjini, wa umri wa mama yangu, alimtuma mjukuu wake na heller 20 mbili zilizokuwa kwenye kopo moja la maziwa tangu enzi za babu yake bibi. Mjukuu, kwa nia njema kabisa, akaona si vizuri kumletea mtu kitu kichafu. Akaisugua moja kwa ndimu na majivu. Ya pili hakuifikia, ndimu iliisha.

Nimeziweka mbili hizo sambamba kwenye kitambaa cheusi. Iliyosuguliwa ilikuwa ya njano kali, lakini chini ya lenzi uso wote ulikuwa na mikwaruzo myembamba ya duara, na kingo za herufi zilikuwa zimekwisha kulegea. Ya pili ilikuwa ya kahawia nzito kama asali ya miombo iliyokaa, na kwenye mabonde ya herufi palikuwa na weusi mkavu uliogandamana. Weusi ule hauwezi kutengenezwa kwa wiki moja. Matapeli hujaribu, kwa kuzifukia kwenye samadi, kwa rangi ya viatu, kwa moshi. Rangi ya viatu hutoka ukiisugua na pamba yenye mafuta kidogo, na weusi wa moshi hukaa juu ya vilima vya herufi badala ya kushuka mabondeni. Uzee wa kweli huanzia chini. Ndimu ya mjukuu ilikuwa imefuta cheti cha kuzaliwa cha ile sarafu, ikabaki bila ushahidi, nusu ya thamani yake imekwenda na maji ya karai.

Kwa hiyo ukikuta sarafu, usiisugue. Hata kwa mswaki, hata kwa dawa ya meno. Ishike kwa ukingo, vidole visiguse uso. Ifunge kwenye karatasi kavu, si mfuko wa nailoni, maana plastiki laini za aina fulani hutoa unyevu wa kijani unaokula shaba. Na kama umeifukua ardhini, hasa ikiwa na vitu vingine pamoja, iache ilivyo na uwaone watu wa Idara ya Mambo ya Kale. Kuna sheria tangu 1964 na haipendi mchezo, na mahali kitu kilipolala hueleza mengi ambayo kitu chenyewe hakiwezi.

Bibi alikuja mwenyewe baadaye, akitembelea fimbo, kuchukua sarafu zake. Nilimwambia bei ambayo mkusanyaji angempa, bila kuongeza wala kupunguza. Akacheka kidogo, akasema bei ya kuku wachache. Akaniuliza kama ni kweli zilitengenezwa hapa Tabora. Nikamwonyesha herufi T kwa lenzi, na taji lililopogoka. Akalitazama lile taji kwa jicho moja, muda mrefu, kisha akasema babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mzigo wa Mjerumani mpaka bega likawa na sugu, na alikuwa akisema walilipwa hela mbaya.

Nikachukua karatasi ya khaki, nikakata bahasha mbili ndogo. Juu ya kila moja nikaandika: heller 20, 1916, T, shaba ya njano, taji kubwa, na uzito wake. Bibi akaniambia niandike na jina la babu yake. Kalamu ilikuwa inakaribia kuisha, ikabidi nilipitie jina mara mbili.